Nani Kanistaafisha? Maneno kwa Watakaobeba Begi Langu

Mmeniambia niandike. Kamanda kasema skauti anayestaafu awaachie wapya maneno ya kazi, ili wasianze na moja. Sawa, naandika. Ila na mimi naomba mtu aniambie: nimestaafu lini? Nina mtoto anayenyonya. Meno yangu yote yapo. Babu yangu alipostaafu ualimu alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Mimi sina unywele mweupe hata mmoja, ingawa kwa mambo haya nitaupata kabla korosho hazijaanza kudondoka.

Nataka kurudi kazini. Nalisema hapa juu kabisa, asije mtu akasoma nusu akadhani naaga. Siagi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Salma. Siku hizi mnaniita Mama Nasra, kana kwamba jina la kwanza lilizikwa pamoja na kondo la nyuma. Nilikuwa skauti wa wanyamapori wa kijiji, huku Kilimarondo, pale mashamba ya ufuta yanapoishia na pori linapoanza. Kazi yetu ni kuzuia tembo wasiingie mashambani, na wakiingia kuwatoa bila mtu kufa wala tembo kufa. Kidato cha nne nilimalizia Ruangwa, kwa shangazi. Matokeo hayakuwa ya kujivunia wala ya kulilia. Nikarudi nyumbani, kijiji kikatangaza kinataka skauti na wanawake wawemo. Wanawake waliojitokeza wakawa mimi.

Siku ya kwanza nilikwenda na suruali ya jinzi ya bluu, ya kununua mjini Ruangwa, imenibana vizuri. Dada Fabiola alinitazama toka chini mpaka juu, kisha akatangulia njiani. Huyu ni mwanamke wa Mnero, alikuwa skauti tangu mimi nasoma shule ya msingi, ana rozari shingoni na panga kiunoni. Ndiye aliyenifundisha kazi. Jua halijapanda vizuri, mbung'o wakanijaa mapajani.

"Dada, mbona wewe hawakuumi?"

"Mimi sijawaita."

"Kwani mimi nimewaita?"

"Umevaa bluu. Mbung'o akiona bluu ni kama kaona mwaliko wa harusi. Kesho vaa rangi ya vumbi."

"Si ungeniambia asubuhi!"

"Asubuhi ungenibishia."

Kweli ningembishia.

Jioni tuliporudi kambini nikachukua begi nililopewa nikaenda nalo kisimani kulikung'uta na kulifua. Fabiola akaja mbio, sijawahi kumwona akikimbia vile hata mbele ya tembo. Akalinyakua. Ndipo nikaelezwa kanuni ya misumari, nanyi ishikeni, maana ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo. Ukutani kambini kila skauti ana msumari wake. Begi lako na buti zako vinaning'inia pale na uchafu wake, tope na majani vivyo hivyo. Ukienda likizo, unaviacha vichafu. Maana yake unarudi, hakuna wa kuugusa msumari wako. Skauti anayeacha kazi ndiye anayeosha kila kitu, anakirudisha safi kwa ajili ya anayefuata. Na begi la mtu haliguswi na mwingine. Kwa hiyo begi likija safi, hakuna haja ya hotuba wala maswali. Watu wanaangalia ukutani wanajua.

Mimi nilitoka shule ambako begi chafu ni viboko. Sikuelewa, nikakubali tu. Mambo mengi ya kazi hii yako hivyo.

Sasa begi lenyewe. Nitasema ninachopenda mimi, siyo kilichoandikwa kwenye mafunzo. Kwenye mafunzo walituletea mtu aliyekuja na hema linalofunguka lenyewe, likafunguka likagoma kufunga, akaondoka nalo limevimba nyuma ya gari.

Panga liwe fupi. Langu lilifuliwa na mhunzi wa Ruponda kutoka kwenye springi ya lori, linakata mti mbichi bila kulia. Panga refu ni la kupigia picha. Kiberiti kifunge kwenye nailoni, kisha kitie ndani ya kopo tupu la mafuta ya mgando, maana lile kopo hata ukianguka nalo mtoni halipitishi. Tochi chukua ya betri za kununua dukani, siyo ya kuchaji. Utaichajia kwenye mbuyu? Kamba ya katani, sindano, uzi mnene. Sufuria dogo lisilo na mikono, unaingiza vitu vingine ndani yake. Dumu la maji, siyo chupa. Najua dumu linagonga mgongo. Kiu inagonga zaidi. Na ukipita kwenye upupu usijikune hata kama mama yako mzazi anakuomba ujikune. Paka majivu, kaa kimya, tukana moyoni.

Lakini kitu changu cha kwanza, kabla ya panga, ni kanga. Wanaume wanacheka. Wacheke. Kanga ni shuka, ni chujio la maji, ni kamba, ni bendeji, ni kitambaa cha kuziba pua moshi wa pilipili ukigeuka. Blanketi linafanya kazi moja, na likilowa hata hiyo halifanyi.

Chakula nacho kina makundi mawili, cha tumbo na cha moyo. Cha tumbo ni makopa, yaani mihogo mikavu, na dagaa, na chumvi. Cha moyo ni kile unachokula ukiwa umechoka mpaka unataka kumpigia mama simu na mtandao hakuna. Changu ni kashata za ufuta na korosho nilizobangua mwenyewe, zilizoungua kidogo upande mmoja. Za dukani nyeupe nyeupe zile hazina habari. Na ming'oko. Ukiona ule mti wake wa kutambaa, chimba taratibu, mizizi yake ni myembamba kama vidole na inakatika haraka. Chemsha na chumvi, menya kwa meno. Mimi nikila ming'oko porini najiona niko jikoni kwetu mvua inanyesha. Msichimbe viazi mwitu vinene msivyovijua. Viko vinavyotaka kulowekwa siku nyingi kwenye maji yanayotembea, na porini hamna muda huo.

Fabiola cha moyo wake ni panya wa porini, wa kubanikwa.

"Onja hata mkia."

"Sili panya, dada, mimi Mwislamu."

"Njaa haiulizi dini."

"Njaa yangu inauliza."

Kila safari tulikuwa na mazungumzo hayo hayo, hakuna aliyewahi kushinda.

Kuna siku moja nitaisimulia, maana mtaikuta. Kundi la tembo lilikuwa limetoka porini mchana kweupe, linaelekea kwenye ufuta uliokwisha kukatwa na kusimamishwa mafungu. Tukawasha tofali la pilipili. Wapya hamjui: tunatwanga pilipili kichaa, tunachanganya na mavi ya tembo, tunakausha kama tofali, likiwashwa linatoa moshi ambao tembo hataki kuusikia. Tukakaa upande wa upepo kama inavyotakiwa. Upepo ukageuka. Sijui kwa nini, mpaka leo sijui. Moshi wote ukatujia sisi. Tunalia, tunakohoa, makamasi mpaka kidevuni, na tembo wamesimama wanatuangalia. Nawaapia walikuwa wanashangaa. Mmoja mkubwa akaja hatua chache mbele, nadhani alitaka kuona vizuri. Tukakimbia, hatuoni tunakokwenda, Fabiola akatumbukiza mguu kwenye shimo la mhanga, yule mnyama anayechimba vichuguu.

Mguu ukavimba palepale. Hatukujua tena barabara iko wapi na maji yalikuwa yameisha. Nikambeba nusu, nikamburuta nusu, mpaka kwenye korongo kavu. Nikachimba mchanga kwa sufuria mpaka yakaanza kutoka machozi ya maji, machafu rangi ya chai ya maziwa. Kanga moja nikaipasua, nusu nikamfunga mguu, nusu nikachuja maji, nikayachemsha. Nikachimba ming'oko ukingoni. Yeye alimpata panya wake, hata mguu mmoja unamtosha kwa panya. Usiku wenyewe siusimulii, ulipita. Asubuhi nikapiga firimbi mpaka midomo ikafa ganzi, ndipo Kamanda na wenzake wakatufikia.

Wakati tunawasubiri, Fabiola aliniambia kitu. Alikuwa ananyonya mfupa mdogo wa panya.

"Salma, wote niliowafundisha wameondoka kwa kuning'iniza begi safi ukutani. Naamka asubuhi nalikuta. Wewe ukiacha, njoo uniambie kwa mdomo. Usiniachie begi."

"Siachi."

"Ukiacha."

"Nitakuja kukuambia, dada. Kwa mdomo."

Tulikwenda pamoja mpaka mimba yangu ikawa kubwa. Wengine walisema nikae nyumbani mapema, nikasema tumbo ni langu na miguu ni yangu. Ila siku moja, tukiwa tunapaka pilipili na oili chafu kwenye kamba za uzio wa shamba, miguu ikavimba na macho yakaanza kuona nyota. Nikapakiwa bodaboda kutoka palepale shambani, begi mgongoni, buti miguuni, moja kwa moja nyumbani na kesho yake hospitali. Nasra akazaliwa. Nikiwa kitandani nikakumbuka begi. Nikamwambia Mama, yaani mama mkwe wangu, amtume kijana wa bodaboda alipeleke kambini pamoja na buti, vikaning'inizwe kwenye msumari wangu. Akasema, "Usijali, mwanangu, nitalipeleka vizuri." Nikalala.

Baada ya arobaini Kamanda akanitumia salamu niende kambini Jumamosi na mtoto. Nikafurahi. Nikadhani wanataka kumwona Nasra na kupanga siku yangu ya kurudi. Nikavaa vizuri. Nafika, nakuta viti vimepangwa, watu wanapiga makofi. Nikapewa beseni jipya, ndani yake kanga na mche wa sabuni. Kamanda akasimama.

"Salma ametuaga kwa heshima ambayo wanaume wengi hapa hawakuwa nayo. Na alichotuachia tumekila tukashiba."

"Nani kaaga?" nikauliza.

Watu wakacheka. Wakadhani natania. Mmoja akapiga vigelegele, Nasra akaanza kulia, nikawa nabembeleza huku nauliza, na hakuna anayesikia. Kisha Kamanda akamshika bega kijana mmoja wa Ruponda, Shaibu, akasema huyu ndiye anayechukua nafasi. Begi langu liko mgongoni mwake. Nililijua kwa kiraka. Fabiola alikuwa pembeni anapasua kuni, wakati kuni zilizopasuliwa zilikuwa zimejaa. Hakugeuka.

Nikabaki na beseni.

Nilimfuata Kamanda kesho yake.

"Afande, mimi nimeaga lini?"

"Salma, usinirudishe nyuma. Wewe umetuaga, sisi tumekuaga, tumemaliza salama."

"Nimeagaje?"

"Aa! Sasa unataka nikusimulie ulichofanya mwenyewe?"

Nikamfuata Fabiola. Huyo ndiye aliyenichanganya kabisa.

"Ulishindwa kuja kuniambia," akasema.

"Kukuambia nini, dada?"

"Nenda kanyonyeshe, Mama Nasra."

Hajawahi kuniita hivyo. Nikampigia mume wangu, Issa, ambaye yuko Ruangwa anaendesha bodaboda.

"Labda wameona una mtoto," akasema.

"Na wewe una mtoto. Bodaboda yako imestaafu?"

"Usinifokee mimi, mke wangu, mimi sikuwepo."

Kila niliyemuuliza ananipa jibu la mtoto. Mtoto, mtoto. Shambani wanawake wanapalilia na watoto mgongoni, sokoni wanauza na watoto mgongoni, hakuna anayewapa beseni. Nikaanza kufikiri labda kweli nilisema kitu nikiwa na uchungu wa kuzaa, maana pale mtu husema mengi. Nikamuuliza mkunga kama nilisema naacha kazi. Akasema nilisema namwacha Issa.

Ndipo ikaja salamu ya Kamanda kwamba niandike haya. Nikakaa kuandika kwa hasira, nikidhani nikiandika nitaelewa. Nilikuwa nimefika hapa hapa, kwenye mkunga, juzi mchana. Mama alikuwa uani anapepeta ufuta, Nasra amelala kwenye mkeka kando yake. Hapo juu sifuti kitu, mjue nilivyokuwa.

Mama akaanza kulalamika, peke yake, kama anaongea na ungo.

"Ila watu wa kambini kwenu hawana shukrani."

"Wamefanya nini tena?"

"Mtu unamrudishia chombo chake kimejaa, hata salamu? Kashata nimetengeneza mimi, korosho nimebangua mimi, makopa nimechagua meupe matupu. Nikalijaza lile begi mpaka zipu ikakataa."

"Mama. Ulijaza begi?"

"Kwani ningerudisha chombo cha watu kitupu? Waseme mwanangu kaolewa na watu gani?"

Nikaweka kalamu chini. Nikauliza taratibu.

"Na uliliosha?"

"Heh! Lilikuwa linanuka kama zizi. Nimelisugua kwa mchanga na sabuni tangu asubuhi, maji yakawa yanatoka mekundu. Buti nazo nikazipaka mafuta ya nazi mpaka zikang'aa, ungeweza kujitazama. Kwa nini unanitazama hivyo?"

Nilikuwa na hasira ya kupasua kichwa na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Kwa mama mkwe wangu, chombo cha watu kinarudi safi na kimejaa, ndivyo alivyofundishwa, ndivyo nami nilivyofundishwa. Alinitunzia heshima. Siku nzima ya kusugua, mgongo unamuuma, ili nisichekwe. Nitamwambia nini? Nikasema, "Asante, Mama." Nikamfunga Nasra mgongoni nikatoka.

Njiani hasira iligeukia mabegi, misumari, na wanaume waliotunga kanuni bila kukumbuka kwamba skauti anaweza kuwa na mama mkwe. Kisha nikamkumbuka Fabiola anaamka asubuhi, anakuta begi langu linang'aa ukutani. Na ming'oko yote tuliyokula pamoja.

Kambini nikawakuta wote wanajiandaa kutoka. Shaibu alikuwa anapakia begi, anaweka tambi za pakiti na kitu cha kuchajia simu. Nikawaeleza. Niliongea haraka na sikuongea vizuri, na kwa kuwa Nasra alikuwa analia nililazimika kupiga kelele.

Kamanda akavua kofia akajikuna.

"Mama mkwe?"

"Mama mkwe."

"Na zile kashata?"

"Zake."

"Zilikuwa nzuri," akasema, kama hiyo ndiyo hoja. Halafu akasema, "Lakini sasa nafasi ina mtu, Salma. Begi lina tope la mwingine. Hii haijawahi kutokea. Sijui tunafanyaje."

Shaibu akalitua begi chini. "Dada, chukua tu, mimi mwenyewe linaniua mgongo."

"Libebe," nikamwambia. "Siwezi kulitumia mpaka mtoto aanze ugali. Ila toa hayo matambi, na hilo dumu ulilolificha mlangoni nimeliona, lirudishe."

Fabiola alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwendea, nikasema nilichotakiwa kusema tangu mwanzo, kwa mdomo.

"Dada, siachi."

Akaangalia ukutani. Msumari wangu ulikuwa na buti zangu tu, hakuna aliyezivaa, miguu yangu midogo. Zilikuwa zinang'aa mafuta ya nazi, aibu tupu. Nikazishusha. Nikampa Fabiola mtoto, nikavua kandambili, nikavaa buti, nikateremka kisimani pale ng'ombe wanapokunywa maji. Nikaingia kwenye tope mpaka juu ya vifundo. Nikatembea humo, nikarudi, nikatembea tena, watu wananiangalia kama wale tembo walivyotuangalia siku ya moshi. Kisha nikapanda, nikazivua mlangoni, nikazirudisha kwenye msumari. Tope likawa linadondoka sakafuni.

Kamanda akafungua mdomo. Fabiola akamwahi, Nasra kamshika rozari anaivuta.

"Buti za nani hizo zinachafua nyumba?"

Akajibu mwenyewe.

"Za Salma. Mtu asiziguse."

Kwa hiyo nyinyi wapya, mambo ya begi ndiyo hayo niliyoandika, Shaibu atawaonyesha kila kimoja kiko wapi. Beseni nimelirudisha kambini kwa mkono wangu. Sikulirudisha tupu. Lina ming'oko, imechemshwa na chumvi. Mkishakula, mniachie beseni lenu hivyo hivyo, na maganda yake.